Swichi za Verediane na Salamu za Shangazi

Mwaka 1999 hoteli moja ya kando ya ziwa, Gisenyi, ilikuwa na kompyuta iliyounganisha simu za vyumba vyote, na Verediane ndiye aliyeilea. Binti wa muuza sambaza, vidagaa vya ziwani, huyu! Kila zilipowaka taa za kadi ya swichi, ile inayounganisha waya za vyumba, moyo ulimruka kwa furaha, akajikuta anacheka peke yake.

Programu ya kuamuru swichi aliiandika Fundi Kagabo, aliyerudi kutoka Goma. Aliiweka ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, eti huko ndiko kwenye heshima. Heshima gani, jamani? Kosa dogo tu, kompyuta nzima inaganda na hoteli nzima inakuwa bubu. Verediane akaandika yake. Kwenye kiini akaacha kilango tu cha kuifikia kadi. Maamuzi yote akayatoa nje, yakae na programu za kawaida, kama ile ya kuandikia barua. Ikianguka, ianguke peke yake.

Kagabo alimcheka mbele ya meneja. Meneja akaamua programu hiyo mpya ijaribiwe Jumamosi ya harusi, hoteli ikiwa imejaa. Simu zikikatika, Verediane arudi ufukweni kuanika sambaza na mama yake.

Jumamosi asubuhi mambo yalikwenda vizuri, naye akawa anaimba. Kumbe alikuwa amewasahau watu wake na salamu zao ndefu! Kihesabu cha muda wa simu alikipa nafasi ya dakika nne tu. Shangazi wa bwana harusi, chumba cha nne, akampigia mama wa bibi harusi, chumba cha tisa. Dakika nne zikaisha hata watoto hawajaulizwa hali wote. Kihesabu kikafurika, programu ikaanguka.

Kagabo, aliyekuwa akingoja hilo tangu alfajiri, akapanda ngazi mbio kwenda kumpa shangazi pole, Verediane nyuma yake. Wakamkuta shangazi ameshika simu, akawanyamazisha kwa mkono.

“Ngojeni, bado sijauliza ng'ombe.”

Swichi zilibaki palepale zilipowekwa, ingawa programu ya kuziamuru ilikuwa imeanguka, na simu haikukatika. Verediane akashuka huku akicheka hadi machozi, akakipa kihesabu nafasi ya siku nzima, akaiwasha programu upya. Shangazi alikuwa bado kwenye ng'ombe.

Kagabo akasimama mlangoni, akajikuna kichwa.

“Bon, sawa. We Verediane, na ile programu yangu uitoe inje ya kiini.”