Cigogne ya Nyuma ya Karavia

Hii mambo sipende kuieleza, haya yake ingali inanishika, lakini mu Kampemba yote, mutaa yetu, banaieleza bila miye, na kila mwenye kuieleza anaongeza kitu yake, basi heri muisikie ku kinywa yangu mwenyewe.

Nilikuwa nataka kuoa Béa. Kwao ni bantu ba Kasai, bale benye banashikaka desturi na mikono mbili: mukwe hapite mbele ya mama-mukwe, hakule naye, hamwangalie, na bakikutana mu njia, mumoja anakamata pembeni. Mwenye kuamua kama ninafaa alikuwa tonton Anaclet, ndugu ya mama yake Béa, mwalimu mwenye alikwisha kupumuzika ku kazi, na yule tonton anapendaka kitu moja tu mu hii dunia, ni ndege. Siku moja ku meza akaniuliza, "Na weye, unapendaka ndege?" Muntu ya akili angejibu hapana, aendelee kukula bukari yake. Miye nikasema, "Sana, tonton, tangu mutoto." (Ndege yenye nilikuwa najua ni kuku, na ile pia mu sahani.)

Basi samedi ya ile juma, asubui, nikajikuta mu matete ya ziwa, nyuma ya hoteli Karavia, na viatu vyangu vya kung'aa vya misa, katikati ya bazee benzake na tonton, benye kofia, benye banaongea polepole sawa bantu ba ku kilio. Mvua ya mwaka ilikuwa imeanza, na tonton akaeleza kama ni wakati yenye ndege ya Ulaya inakimbiaka baridi, inashuka hapa ku maji, inakula, inapumuzika, kisha inaendelea kusini. Alisimamisha lunette yake kubwa ya kuangalia mbali, ya miguu tatu, mu njia, na njia yenye kukauka ilikuwa ile moja tu. Kila mara muzee akionyesha ndege, miye ninatikisa kichwa, "Ah, ile," sawa muntu mwenye amekutana na jirani.

Njo tonton akanigeukia. "Bado hatujaona cigogne, ile korongo nyeupe ya miguu myekundu. Weye uko na macho ya kijana. Tafuta."

Nikaweka jicho, nikaona ukungu. Kumbe kuko kagurudumu ka kuzungusha ndio uone muzuri, lakini sikujua, na kuuliza ingekuwa kujishitaki. Nikasukuma lunette kushoto, kuume, paka nikaona kitu kubwa, nyeupe yulu, nyeusi chini, inatembea polepole mu matete, inainama, inaamuka. Nilijiona tayari niko mu photo ya ndoa.

"Tonton, iko pale."

"Eleza kwanza," akasema (mwalimu hapumuzike kabisa).

"Mukubwa sana. Kichwa nyeupe, kifua nyeupe, chini nyeusi."

"Miguu?"

"Myekundu, tonton, paka yulu. Lakini minene. Hii ilikula muzuri kule Ulaya."

Bazee bakacheka, na kile kicheko kikanilevya, juu miye nikichekewa sijue kunyamaza, nikaongeza, "Na vile inatembea, inatikisa nyuma, sawa inajua banaiangalia."

Tonton akaweka jicho, akazungusha kagurudumu. Akakawia. Kisha akatosha kofia.

"Ile ni dada yangu," akasema.

Mama Thérèse, mama yake Béa, alikuwa anatuletea mikate na chai. Alifika ku barabara, akaniona nimesimama mu njia, na vile ni mama mwenye heshima, hakutaka kupita mbele ya mukwe wake. Akavua viatu, akapandisha pagne yake nyeusi ya kujifunga kiunoni, akaweka beseni ku kichwa yulu ya foulard nyeupe, kitambaa ya kichwa yenye kufanana na blouse yake, akakata mu matope, na munajua matope yetu hapa ile inavyokuwa nyekundu. Alijitupa mule juu nisimwone. Na miye nikaenda kumukamata na machine yenye inavuta muntu toka mbali inamuweka mbele ya pua yako, kisha nikahubiri miguu yake mbele ya bazee.

Sasa nifanye nini? Nilikimbia, niachie mama njia. Nikaingia mu matete kichwa mbele, viatu vikabaki mu matope, nikasukuma majani, nikatoka upande ingine, na yeye alikuwa pale. Uso kwa uso. Beseni ikaanguka, chai ikamwangika, na nyuma yake, mu ile kelele yote, cigogne ya kweli ikaamuka ikaruka polepole yulu yetu. Bazee bote bakainua jumelle zabo za macho mbili. Hakuna mwenye alituangalia tena, na ile peke njo ilikuwa heri yangu ya ile siku.

Béa alipoisikia, alilia. Aliniambia, "Ulishindwa kusema tu kama haujue?" Nilijua kama ndoa imeenda.

Kesho yake, dimanche, bakaita famille. Nilileta mbuzi ya kufuta haya kwa mama-mukwe, nikasimama nikiangalia ukuta, Mama Thérèse alikuwa nyuma ya pazia, na tonton katikati anabeba maneno. Mbuzi ikapokelewa. Nikaanza kupumua. Kisha pazia ikanong'ona, na tonton akanigeukia.

"Dada yangu anauliza, ile cigogne yako, ilikuwa muzuri?"

Nikisema ilikuwa muzuri, nimesifu tena miguu ya mama, ni mbuzi ya pili. Nikisema ilikuwa mubaya, Béa kwaheri. Nikaambia ukuta, "Mumwambie mama, miye sijue ndege. Sikujuaka hata siku moja."

Nyuma ya pazia ikatoka kicheko ya muntu mwenye alijaribu kukishika ikamushinda. Tonton akasema, "Béa, kausha machozi."

Tulioana. Mvua ya kwanza ikianguka tonton ananiita twende mu matete, na ninamwambia macho inaniuma. Muntu akiniuliza kama ninapenda kitu, ata nyanya, ninauliza kwanza ni ya kufanya nini. Béa anasema tangu ile siku mama yake hajavaa tena foulard nyeupe. Inawezekana. Miye nitajua wapi, simwangalie.