Jumamosi ya Bahati Kwenye Kinamasi cha Buffalo

Nilikwenda Buffalo kwa sababu shemeji yangu Bahati, kaka wa mke wangu, aliniomba nikamsaidie Kiingereza. Kule Kivu, Kongo, alikuwa askari wa hifadhi ya wanyama. Huku Marekani anafunga maboksi kiwandani. Kikundi cha watazamaji ndege kilihitaji mtu wa kuwatembeza kila Jumamosi, na mama anayekiongoza alikubali kumjaribu siku moja. Bahati aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyokiri.

Ijumaa asubuhi nilipanda basi kutoka Columbus, ninakoishi. Ohio yote ilikuwa theluji, na baridi na mimi hatupatani, nikasinzia. Jioni nilifika kwake, mtaa wa Riverside, nikamkuta anapiga pasi suruali ya kuvaa porini. Sikumcheka mbele yake.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulifika kwenye kinamasi. Maji yalikuwa yameganda, isipokuwa katikati ambako bata walijaa. Watu saba, yule mama akiwa mmoja wao, walisimama kimya na darubini zao. Bahati alivua glavu, akaanza kumpa kila mmoja mkono na kumwuliza habari za nyumbani, sauti juu. Nami, mtoto wa Tanga, nikamfuata nyuma, nikitafsiri na kumpa kila mmoja mkono. Ningewapitaje watu bila salamu? Tulipofika kwa wa tano, bata wote waliruka. Hakuna aliyegomba. Walishusha darubini tu, nami nikaona haya vibaya sana.

"Bon, nimeharibu," Bahati alininong'oneza. "Ambia mama turudie kwetu."

Hilo sikulitafsiri.

Saa nne tuliingia msituni, Bahati akiwa wa mwisho. Mara akasimama. Ndege wadogo wenye vichwa vyeusi walikuwa wanapiga kelele kuuzunguka msonobari mmoja.

"Shemeji, ambia batu basimame. Ndege ziko natukana mutu mule."

Nilitafsiri hivyo hivyo. Mama alitafuta kwa darubini, asione kitu, hadi Bahati alipomwelekeza: bundi, amejibana kwenye shina. Mama alimpa Bahati daftari la ndege walioonekana siku hiyo aandike yeye, akamwuliza kama Jumamosi ijayo ana nafasi. Bahati alijibu mwenyewe kwa Kiingereza kwamba anayo, kabla sijafungua mdomo.

Jumapili alinisindikiza kituoni.

"Miaka tatu niko hapa," aliniambia, "jana njo mara ya kwanza bananiuliza kitu yenye najua."

Basi liliondoka, nikabaki na maneno hayo mpaka Columbus. Miaka yote mitatu, kila nilipompigia simu, nilimwuliza habari za kiwandani tu.