Gari Likitembea

Mtu akiniuliza kufunga kamera ya gari ni kazi gani, namwambia ni nyaya mbili tu: mmoja wa moto, unaoleta umeme, na mmoja wa bodi, unaoshikizwa kwenye chuma cha gari. Simwambii kwamba kamera yangu ya kwanza niliifunga kwa siku nzima, tangu asubuhi mpaka jioni, na kwamba niliifungua mara tatu bila sababu.

Umeme wa magari nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama video za watu wanaozungumza lugha nisizozielewa. Nilikuwa nafuata mikono yao. Sikuwahi kukaa chini ya fundi, kwa hiyo sikuwahi kuwa na mtu wa kuniambia "hapo inatosha", na mpaka leo sijui ni wapi inatosha. Nikishafunga utepe kwenye waya naufungua tena ili mikunjo ilingane, mahali ambapo hapataonekana na mtu yeyote mpaka gari likatwe vyuma chakavu.

Fremu ya duka niliyopanga iko Kayanga, nyuma ya stendi. Kwetu ni Nyabiyonza, si mbali, lakini nilikuwa siendi. Mama hupiga simu kuuliza nimekula nini, namjibu, halafu mmoja wetu anasema haya, simu inakatwa. Wengine niliozungumza nao mwaka ule walikuwa wateja, na mteja akikuletea gari hazungumzi na wewe, anazungumza na gari lake.

Isipokuwa dereva mmoja. Alikuwa mtu wa makamo, anaendesha mchomoko, yale magari madogo yanayobeba abiria kati ya Kayanga na Nyaishozi. Wateja wengine walikuwa wanaacha ufunguo na kuondoka. Yeye alikuwa anavuta ndoo, anaigeuza, anakaa. Ananipa kutoka mfukoni punje za kahawa ya kutafuna, ile ambayo kwetu hupewa wageni, kana kwamba tumeenda kutoa mahari mahali, kisha ananichokoza.

"Mwanangu, hiyo fyuzi unaipima au unaiposa?"

"Naipima, mzee."

"Mbona unaitazama hivyo? Muulize kama wazazi wake wapo."

Nilikuwa sicheki mbele yake. Nilikuwa nacheka akishaondoka.

Gari halikuwa lake. Lilikuwa la mama mmoja mfanyabiashara wa hapa hapa Kayanga, na mama huyo alishamwambia: nikiona mkwaruzo mwingine kwenye gari langu, ufunguo unarudi mezani. Mikwaruzo miwili ya mwanzo, aliniapia, haikuwa yake. Ilikuwa ya bodaboda. Lakini nani atamwamini dereva? Ndiyo maana alinunua kamera mwenyewe, akamwomba bosi ruhusa, akaniletea ikiwa bado kwenye boksi lake.

"Huyu ndiye shahidi wangu," alisema. "Nina watoto wanne na sijui kazi nyingine. Mfunge vizuri."

Sasa, kwenye boksi la fyuzi kuna moto wa aina mbili. Kuna ambao upo saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa na ufunguo uko mfukoni. Na kuna moto wa swichi, unaokuja ukizungusha ufunguo na kukatika ukiuzima. Ukichukua wa kwanza, kamera haifumbi macho, lakini betri iliyochoka inaweza kuamka imekufa. Betri ya lile gari ilikuwa imechoka. Nikamuuliza, kama video zinavyotaka fundi amuulize mteja: "Mzee, unataka kamera iwake muda wote, au gari likitembea tu?"

"Likitembea tu. Likisimama nayo ilale."

Nikachukua moto wa swichi, kwenye fyuzi ya redio. Waya nikaupitisha ndani ya mpira wa mlango, nikaupandisha kwenye dari, ukatokea nyuma ya kioo cha kati usionekane. Wa bodi nikaukaza kwenye nati niliyoikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Nikaizima sauti ya kamera, ile milio yake ya kuwaka na kuzimika, na skrini nayo nikaiwekea izimike, visimsumbue akiwa barabarani. Niliona hiyo ndiyo kazi ya fundi anayejali.

Kabla ya kumpa gari niliiacha irekodi nikiwa namalizia kurudishia plastiki, kisha nikaichukua kadi ya kumbukumbu nikaangalia kwenye simu. Picha ilikuwa safi: ukuta, migomba ya jirani, kuku. Ila kamera ilikuwa inanasa sauti, na kulikuwa na mtu anaongea. Anaongea taratibu, bila kupumzika. Anauliza bisibisi iko wapi, anajijibu. Anajipa pole. Anasema, kwa Kinyambo, "ngoja, ngoja, usiharakishe," kwa sauti ambayo mtu humwambia mgonjwa. Ilinichukua muda kukubali kwamba ni mimi. Sikujua kwamba naongea. Nikafuta faili ile, halafu nikafuta na zile ambazo hazikuwa na kitu.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja, saa nane mchana, mchomoko ukaingia taa moja ya mbele imevunjika na boneti imebonyea. Dereva akashuka bila kuvuta ndoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fungua kamera."

Akanieleza tumesimama. Kwenye mteremko mmoja kabla ya Nyaishozi, bodaboda iliyobeba mikungu miwili ya ndizi ilitokea njia ya pembeni bila kuangalia. Ule mkungu wa nyuma ukapiga taa. Mwendesha bodaboda alichubuka kiwiko tu, lakini ameshampigia bosi simu kusema aligongwa. Bosi amesema anataka kuona.

"Waitu, jamani, leo shahidi aseme," dereva alisema. Nilimwona ana furaha, ya mtu ambaye hatimaye ataaminiwa.

Tukakaa mlangoni, simu yangu katikati yetu. Faili ya kwanza: gari linapanda, abiria wanazungumzia bei ya maharage. Gari linafika juu. Picha inakatika. Faili iliyofuata inaanza gari limesimama chini ya mteremko, watu wamejaa, ndizi zimetapakaa barabarani, na sauti yake inasema, "Pole, pole, umeumia wapi?"

Katikati hapakuwa na kitu.

Mimi nilielewa kabla yake. "Mzee, kwenye mteremko unazima gari?"

"Natoa gia, nazima. Mafuta bei gani sasa? Wote tunazima."

"Ukizima ufunguo na kamera inazimika, mpaka uwashe tena."

"Lakini gari lilikuwa linatembea," akasema. Hakuwa anabishana. Alikuwa ananikumbusha. "Si ulisema likitembea?"

Kwangu mimi gari likitembea maana yake injini inanguruma. Kwake, gari linaloshuka kimya na abiria wake linatembea, tena linatembea vizuri kuliko wakati wowote. Alinijibu swali langu sawasawa. Mimi ndiye niliyelisikia kwa masikio ya video. Na kwa kuwa niliinyamazisha kamera na kuizima skrini, hakuwa na njia ya kujua kwamba kila akishuka shahidi wake anafumba macho.

Simu yake ikaita. Alikuwa bosi. Akaweka sauti ya nje.

"Nipe huyo fundi. Fundi, kamera imeonyesha nini?"

"Mama, shikamoo. Hapo penyewe haikurekodi."

"Kwa nini? Uliifunga vibaya?"

Dereva alinitazama. Hakunikonyeza, hakunifanyia ishara yoyote. Ningeweza kusema ndiyo, nilichukua moto usio wake, kosa ni langu. Ingekuwa kweli. Ningeweza kusema yote, la kwangu na la kwake, na hiyo ingekuwa kweli zaidi. Lakini nilisikia lile neno, vibaya, na mwili wangu wote ukakataa.

"Hapana, mama. Kamera ni nzima. Inafuata ufunguo. Ufunguo ulizimwa."

"Alizima gari kwenye mteremko? Na watu ndani?"

Nilimsogezea dereva simu yake. Hilo nalo lilikuwa jibu.

Najua kuzima gari kwenye mteremko ni hatari; breki zinakuwa ngumu, watu wanaweza kufa. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini siku ile sikuwa nawawazia abiria. Nilikuwa naiwazia ile nati niliyoikwangua mpaka ikang'aa.

Dereva alikata simu. "Haya, fundi," akasema. Hakuniita mwanangu. Jioni ile ile alirudisha ufunguo.

Bosi aliniletea dereva mpya na gari, nihamishie kamera, ambayo mzee aliiacha humo, kwenye moto wa saa zote na kufunga betri nyingine. Tangu hapo ameniletea wenzake wenye magari. Wanasema mimi siwezi kudanganya. Kazi ninazo. Madereva wanaacha ufunguo mezani na kuondoka, na nikipita stendi mmoja huita, "Mkweli! Habari za ufunguo?" na wengine wanacheka.

Yule mzee nilimwona mara moja tu, anapakia mahindi kwenye gari la mtu. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwomba radhi, nimeyarudia hadi yamenyooka. Nilisimama nyuma yake nikiyapanga upya. Alipogeuka nikasema shikamoo tu.

"Marahaba," akajibu, akainua gunia.