Maombi Yaliyopita Juu ya Ukuta

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine husema hivyo kwa kujisifu. Mimi nasema kama mtu anayekiri kosa. Nikienda dukani kununua maziwa, nikirudi nahisi nimesafiri. Nililelewa Thika, Makongeni, katika nyumba ya mama, na nilikaa humo hadi alipofariki, mimi nikiwa na umri ambao wenzangu wanaitwa cucu na wajukuu wao. Ndugu zangu wakaigawana nyumba, mimi wakanipa mashini ya mama ya kufuma sweta, wakaniambia Ruiru kuna vyumba vizuri. Nikahamia Ruiru. Ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizofanya, na sikuwa na mpango wa nyingine.

Ploti yetu ina vyumba vinane, vinne huku na vinne kule, vinatazamana kama watu waliokosana. Nyuma kabisa kuna tangi la maji. Aliyejenga aliishiwa na mawe au aliishiwa na hamu, maana kuta za katikati hazikufika kwenye mabati. Juu pamebaki nafasi unayoweza kupitisha sahani. Kwa hiyo kila mtu ana mlango wake na kufuli yake, lakini hewa ni moja.

Upande wangu wa kushoto alikaa mwanamke aliyetoka Busia, mrefu, wa umri wangu au amenizidi kidogo. Kwa miaka mitatu tuliitana Jirani. "Jirani, maji yamekuja." "Asante, Jirani." Mazungumzo yetu yote ungeyaandika nyuma ya kiberiti na nafasi ibaki. Lakini kumjua, nilimjua. Nilijua anaamka saa kumi na moja, anakohoa mara ya kwanza, anakohoa mara ya pili, kisha anaanza kuimba. Alikuwa na wimbo mmoja wa kanisa la kwao, kwa lugha yao, na beti zake sikuwahi kuziona mwisho. Jioni alikaanga omena. Wale samaki wadogo hawana miguu, lakini hakuna mahali hawafiki. Waliingia kwenye pazia, kwenye chai, kwenye sweta za shule. Mwalimu mmoja aliyekuja kuchukua sweta alizinusa akaniuliza kama siku hizi nimehamia ziwani.

Sasa, pasta wetu. Jumapili moja alihubiri juu ya amri ile kuu, umpende Bwana Mungu wako, na umpende jirani yako kama nafsi yako. Ile ya kwanza sikuwa na shida nayo. Mungu hakaangi kitu. Kisha pasta akatupa kazi ya kufanyia nyumbani, kama watoto wa darasa la nne: kila mtu achague jirani mmoja aliyemshinda kumpenda, amwombee siku saba, kwa sauti.

"Si moyoni," alisema. "Moyoni mtu husinzia. Omba kwa kinywa, na umwambie Mungu ukweli, kwa sababu anaujua tayari."

Mimi ni mwanafunzi mtiifu. Nilimaliza kidato cha nne bila kukosa kufanya kazi ya nyumbani hata siku moja, na ndiyo sifa pekee niliyotoka nayo. Basi Jumatatu alasiri, nikijua Jirani bado yuko kazini, nilipiga magoti kando ya mashini nikaanza.

"Bwana, nisaidie kumpenda Jirani. Unamjua. Unawajua samaki wake, wananiingia hadi kwenye ndoto. Unajua anavyokohoa, kama pikipiki inayokataa kuwaka kule Gatuanyaga. Unaujua wimbo wake. Kama unaupenda, basi mpe wa pili." Nilikuwa nimeanza kupata moto. Maombi ya kweli yana utamu wake, hasa yakiwa ya kumhusu mtu mwingine. "Na Bwana, ana binti anasoma chuo pale Juja, hapo tu, mtu anaenda na kurudi kabla chai haijapoa, na hajakanyaga hapa hata siku moja. Mimi huyo binti namwelewa. Lakini wewe nisaidie."

Nikasema amina. Upande wa pili kitu kidogo kikaanguka, kijiko pengine. Nikafikiri ni panya.

Kuanzia kesho yake Jirani alinyamaza. Asubuhi hakuna wimbo. Jioni hakuna samaki. Hata kikohozi kilipotea. Jumatano nikashangaa, Ijumaa nikaamini. Siku zilizobaki niliomba kwa ufupi, zaidi ni kushukuru, tena kwa sauti kubwa kuliko ya mwanzo. Na Jumapili, mimi ninayekaa kiti cha nyuma karibu na mlango ili nisisalimiwe na watu wengi, nilisimama kutoa ushuhuda.

"Bwana asifiwe. Nilikuwa na jirani wa kelele na harufu. Nimeomba siku saba. Bwana amemtuliza kabisa."

Kanisa likapiga makofi. Mama mmoja akanifuata nje akaniomba nimwombee na wa kwake.

Lakini nyumbani kulikuwa kumepoa vibaya. Nilianza kuamka saa kumi na moja bila kuamshwa, nalala macho wazi nikingoja kikohozi cha kwanza. Mchana nilisimamisha mashini katikati ya mstari ili nisikilize. Sikujua nasikiliza nini. Sijawahi kuwa na mume, lakini nadhani ndivyo mtu anavyosikiliza mlango.

Wiki ya pili ilikuja na yale manyunyu ya Julai, na ile baridi yetu inayoingia hadi kwenye meno. Nilitoka jioni na ndoo kwenda kwenye tangi. Nyuma ya tangi, penye matope, nilimkuta Jirani amechutama mbele ya jiko, mfuko wa nailoni kichwani, anakaanga omena. Mkono mmoja ulishika mwiko, wa pili ulishika leso iliyokunjwa mara nne. Alipohisi kikohozi kinakuja, alijiziba mdomo kwa leso, mabega yakaruka, na sauti haikutoka.

"Jirani," nikasema, "mbona unapikia huku kwa mvua?"

"Samaki wananuka."

"Nani amesema?"

Akawageuza samaki. "Hata Mungu ameshaambiwa."

Ndoo niliyokuwa nimeitega kwenye bomba ilikuwa imejaa. Maji yalinimwagikia miguuni, nikayaacha.

"Kwani ulikuwa ndani?"

"Siku hiyo walituachilia mapema. Nilikuwa nimelala kidogo. Nikasikia naombewa." Akakohoa tena kwenye leso. "Nikafurahi. Nikasema, kumbe kuna mtu. Nikaamka nikaketi vizuri, nipokee."

Nimefikiria neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Alikuwa ameketi kitandani, pengine amefumba macho na kukunjua mikono, anangoja baraka, na mimi upande wa pili nikaanza na samaki.

"Nisamehe, Jirani. Nilikuwa natania."

"Unatania na Mungu?"

Yeye akaendelea, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. "Ya samaki ni kweli. Ya kikohozi, hiyo ni vumbi ya kahawa. Pale kiwandani tunachambua, ingia wiki moja tu, na wewe utakohoa kama pikipiki. Ya wimbo, sawa, ni mmoja. Lakini na wewe, hiyo mashini yako inalia kama mbuzi amebanwa na mlango. Miaka mitatu. Umewahi kusikia nikimwambia mtu?"

Nilikaribia kucheka, na nikaona mdomo wake nao unamcheza. Kisha ukaacha.

"Ya mtoto hukuijua, ukaisema," alisema. "Haji kwa sababu mimi ndiye nilimkataza. Sikutaka aone mama yake anaishi kwa nyumba haijamalizwa. Mimi ndiye huenda kwake, kila Jumapili, tunakaa pale nje kwa nyasi. Wewe ulidhani huwa nashinda kanisani."

Ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa hata nimemcheka moyoni, kwamba ibada zao ni ndefu kama wimbo wao.

"Nimekusamehe," alisema, kwa sauti ya mtu anayekurudishia sahani yako. Sisi Wakristo tunalitoa neno hilo haraka, kama tunavyosema "nzuri" tukiulizwa habari. Nikalipokea haraka vilevile, nikabeba ndoo yangu, nikaingia ndani kwenye joto. Yeye nilimwacha pale kwenye matope. Hilo nalo liko kwenye orodha yangu ya makosa.

Mwisho wa mwezi akahama. Nilimsaidia kubeba sufuria mbili na jiko hadi kwenye pikapu. Aliniambia amepata chumba Kahawa Wendani, nyuma ya hosteli za wanafunzi, ploti yenye geti la kijani. "Huko kuta zinafika juu," alisema.

Jumapili iliyofuata nilisimama tena kanisani nikaufuta ushuhuda wangu. Nilisema Bwana hakumtuliza mtu, mimi ndiye niliyemziba mdomo, na sasa amehama. Hakuna aliyepiga makofi. Pasta alisafisha koo akaanzisha wimbo. Yule mama wa kuombewa alihamia kiti kingine.

Chumba chake kilikaa bila mtu. Jioni moja nilijaribu kuomba kwa sauti, na sauti ikavuka ukuta ikagonga mabati ya upande wa pili, ikarudi kwangu ikiwa imepoa. Nikaamka nikaketi kwenye mashini. Nikaanza sweta ya kijivu, nzito, ya kola ndefu ya kufunika kifua. Haikuwa ya shule yoyote.

Jumamosi moja, mimi mtu wa nyumbani, nilifunga mlango asubuhi nikaenda Wendani.

Mageti ya kijani huko ni mengi kuliko wanafunzi. Kwenye la nne nilimkuta mwanamke anafua nguo.

"Unatafuta nani, mama?"

"Natafuta jirani yangu."

"Jirani yako si yuko kwako?"

"Alihama. Alikuja huku."

"Anaitwa nani?"

Nikafungua kinywa, kikabaki wazi. Miaka mitatu hewa moja, siku saba za maombi, na jina sina. Mungu mwenyewe nilikuwa nimempelekea Jirani tu, nikamwachia kazi ya kukisia ni nani.

"Ni mrefu," nikasema. "Anatoka Busia. Huwa anaimba asubuhi."

"Hapa hakuna mtu anaimba."

"Jioni anakaanga omena."

"Hapana." Akakamua shati, akalikung'uta. "Kuna mama mrefu pale mwisho, lakini huyo hata sauti yake hatuijui. Akirudi anafunga mlango, anafunga na dirisha. Mimi nilidhani ni bubu, mpaka siku moja akanisalimia."

Nikajua nimefika.

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wake hadi saa nane na kitu. Alipokuja, ameshika pakiti ya unga, hakushtuka. Alinitazama kama unavyotazama ng'ombe wa mtu aliyeingia shambani.

"Umepotea?"

"Hapana. Nimekuja."

"Wewe? Kutoka nyumbani?"

"Nimechoka kama mtu ametoka Mombasa."

Kidogo acheke. Akatoa ufunguo, lakini hakuutumia. "Kama ni msamaha, nilikupa."

"Ulinipa. Nimeambiwa hapa huimbi."

Yule wa kufua alikuwa ameacha kufua.

"Nikitaka kuimba," alisema polepole, "kwanza najiuliza nani anasikia, na ataenda kumwambia nani. Nikimaliza kujiuliza, wimbo umeenda. Hata kuomba siku hizi naomba moyoni."

Ningekuwa na maneno ya pasta ningeyatumia. Nilikuwa na sweta tu, ndani ya mfuko wa karatasi. Nikampa. Akaivaa pale pale juu ya gauni la kazi, mikono ikamfika kwenye vidole.

"Ni kubwa."

"Nilikadiria."

"Ulinipima kupitia ukuta," alisema, na safari hii alicheka kweli, ingawa kicheko kiligeuka kikohozi, na kikohozi akakiziba kwa mkono wa sweta. Nilitamani asikizibe. Sikumwambia. Nimeshasema mengi juu ya kikohozi hicho.

Hakunikaribisha ndani. Aliingia akatoka na vikombe viwili vya chai ya rangi, tukanywa pale kwenye ngazi, mabega yetu hayagusani. Hatukuongea sana. Aliniuliza kama chumba chake kimepata mtu, nikasema bado. Nilimuuliza kama binti yake amefika huku, akasema mara moja. Binti alikaa hadi jioni, dirisha limefungwa, akala samaki akamaliza.

Chai ilipobaki ya mwisho nikasema, "Jirani, wewe unaitwa nani?"

Akaweka kikombe chake chini. "Leo ndio unauliza."

"Leo."

Akaniambia. Aliniambia la ubatizo, na lile la kwao, ambalo alisema hupewa msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. Nikayarudia yote mawili. La pili nililikosea, akanirekebisha, nikalikosea tena.

Langu hakuuliza. Nilingoja kidogo, nikimpa nafasi, kisha nikamrudishia kikombe nikasema nitakuja tena Jumamosi.

"Wewe?" alisema. "Tutaona."