Jina la babu lilivyotaka kumkosesha mama shamba enzi za Ujamaa

Wakuu, heshima kwenu. Walionizidi umri humu ndani shikamooni, ingawa sidhani kama mnafika watano. Wengine wote marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Mimi ni bibi wa miaka sitini na ushee, nesi mstaafu, naishi Chemchem hapa Tabora mjini. Akaunti kanifungulia mjukuu wangu.

Nimekuwa nasoma kimya kimya tu. Ila juzi nimekuta uzi watu wanatoana macho: Ujamaa ulimsaidia mkulima mdogo au ulimwumiza? Vijana mnabishana utadhani mlikuwepo. Mimi nilikuwepo. Nitasema nilichokiona, na nilichosahau nitasema nimesahau. Chumvi naiacha jikoni.

Kwetu ni upande wa Puge, Nzega. Kijiji sikitaji, maana wajukuu wa hao nitakaowasema wapo na simu wanazo. Barabara yetu ndiyo ile wazee waliyoiita njia ya misafara. Babu yangu, Mzee Luhende, hakuchoka kutukumbusha kwamba baba yake alibeba mizigo kwa njia hiyo hadi pwani na akarudi kwa miguu yake mwenyewe.

Baba yangu aliitwa Maganga Luhende. Alifariki mwaka mmoja kabla hatujahamishwa. Alimwacha mama na watoto wanne: mapacha Kulwa na Doto, mimi Shija niliyewafuata, na mdogo wetu aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Nilikuwa na miaka kama kumi hivi.

Operesheni Vijiji ilipofika, tukatolewa kule tulikokuwa tumetawanyika, kila ukoo na mashamba yake, tukasogezwa pamoja karibu na barabara.

Nisiwadanganye, watu waliumia. Babu aliacha ghala lake na makaburi ya wazazi wake, na la baba yangu pia. Aliapa hatakanyaga ofisi ya kijiji. "Mimi siwekwi foleni kama mbuzi wa mnada," alisema, na hakujiandikisha. Viongozi walimjua, wakamwacha na hasira zake.

Lakini mama aliusikiliza ule mpango kwa sikio lingine.

Ilitangazwa kwamba kila kaya, yaani nyumba na watu wake, itaandikwa daftarini. Itapimiwa ekari mbili. Itapewa mbegu bora za mahindi na mbolea, na bwana shamba atakuja kuonyesha namna ya kupanda. Na mama akasikia kwamba mjane naye anaruhusiwa kuandikwa kama mkuu wa kaya.

Wakuu, kwa mila zetu za wakati ule, ardhi ilikuwa ya ukoo wa mume. Mjane alilima alipoonyeshwa, au akarithiwa na shemeji, akawa wa huko. Mama hakutaka kurithiwa. Alitaka ekari zake mbili atulee. Hicho ndicho alichokuwa anakililia.

Sasa ngoja niwaeleze jambo, hasa ninyi wa Dar.

Kwetu mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji kabisa. Akilitaja ni kama kamvua nguo mzee wa watu. Na mkwe naye hamtaji mkamwana wake kwa jina. Hata kuongea uso kwa uso ni shida, wanaongea kwa kupitia mtoto.

Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi. Mama yuko jikoni, babu yuko nje anachonga mpini, hatua tano tu kati yao. Babu kwetu tunamwita guku. Mama anasema, "Shija, mwambie guku yako uji uko tayari." Kabla sijafungua mdomo babu anajibu, "Shija, mwambie mama yako nakuja." Kazi yangu ilikuwa kusimama pale tu. Nilikuwa mkalimani wa watu wanaosikilizana.

Siku ya kuandikishwa ikafika. Karani aliletwa kutoka mkoa wa mbali, kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni. Mimi sikuwepo mezani, nilikuwa nimeachiwa mtoto. Haya nayajua kwa kusimuliwa na mama mwenyewe.

Karani alimwuliza, "Jina la marehemu mume wako?"

Mama akasema, "Baba Kulwa."

"Baba Kulwa si jina la daftarini, mama. Majina yake mawili."

La kwanza angejikaza. La pili lilikuwa la babu. Mama akainamisha kichwa, akanyamaza.

Karani akauliza tena. Kimya. Foleni ndefu, jua kali, watu wakaanza kucheka. Karani naye akachoka, akasema kwa sauti, "Mwanamke gani huyu halijui jina la mumewe?"

Hapo baba mdogo, mdogo wake baba, akajitokeza amwokoe shemeji yake na ile aibu. Hakuwa mtu mbaya, namtetea mpaka leo. Akasema, "Huyu ni wa kwetu, bwana. Mwandike kwetu." Alimaanisha ni wa ukoo wetu. Karani akaandika alivyosikia: mama na watoto wanne, kaya ya baba mdogo. Akaita mwingine.

Mama alirudi nyumbani akidhani mambo yameisha.

Tumekuja kujua siku ya kupima mashamba. Bwana shamba anapita na kamba, anasoma majina, kila anayesomwa anasimama kwenye kipande chake. Amesoma mpaka mwisho. Mama hakusomwa.

Alipouliza, akaambiwa, "Wewe uko kwa shemeji yako, ekari zako ni hizo hizo zake."

Hesabuni wenyewe. Baba mdogo alikuwa na mke na watoto wake sita, sasa kaongezewa sisi watano, na mbegu ni za kaya moja. Na kijijini wakaanza kusema, ah, kumbe Mama Kulwa kesharithiwa. Mama alilia siku ile, na mama yangu hakuwa mtu wa kulia.

Bwana shamba alimwonea huruma. Akamwambia daftari litapelekwa Nzega Jumamosi, kabla ya hapo linaweza kusahihishwa, ila lazima majina ya marehemu yatajwe mbele ya karani, na yeye mwenyewe au mtu mzima wa ukoo. Likishapelekwa, asubiri msimu mwingine.

Mnaweza kuuliza, si angemtuma mtu alitaje? Baba mdogo alikuwa amesafiri kwenda kuhamisha ng'ombe. Na mimi mtoto, karani angenisikiliza?

Ijumaa asubuhi mama akakaa mlangoni. Babu alikuwa upande wa pili wa ukuta. Mama akaanza, "Shija, mwambie guku yako..." Akaeleza yote. Meza, kicheko, ekari, kurithiwa, Jumamosi. Aliongea muda mrefu akiniangalia mimi, machozi yanamtoka, na mimi nimesimama katikati sina la kurudia.

 Nikasikia babu anaingia ndani. Nikajua ndiyo basi, mzee kakataa, na nilimchukia kwa dakika kadhaa, Mungu anisamehe.

Akatoka amevaa koti lake la zamani, lile la misibani.

Akatangulia. Mama akafuata nyuma kwa mbali, ndivyo adabu ilivyotaka. Mimi katikati.

Kufika ofisini, watu wakageuka. Yule mzee mbishi kaja! Mwenyekiti wa kijiji akanyanyuka amkaribishe, pengine alifikiri mzee kashindwa, kaja kujiandikisha. Babu hakukaa.

Akamwambia karani, "Kijana, andika. Mume wa huyu mwanamke alikuwa Maganga, mwana wa Luhende. Luhende ndiye mimi. Huyu mwanamke jina analijua. Alikataa kulitaja kwa kuniheshimu mimi, na ninyi mkamcheka."

Karani akaweka kalamu chini. Nafikiri aliona haya. Kisha akasema, "Samahani mzee. Sikujua." Akafuta pale palipokosewa, akafungua ukurasa mpya.

"Na yeye mwenyewe anaitwa nani?"

Babu akaangalia ukuta.

"Mzee, jina lake?"

Babu bado anaangalia ukuta. Karani akamtazama babu, akamtazama mama, akaniangalia mimi. Nilicheka, nakiri. Nilikuwa mtoto.

Ndipo mama akainua kichwa, akasema mwenyewe, kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Nyamizi binti Kapela."

Wakuu, ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia jina la mama yangu kinywani mwake. 

Yule karani naye nampa haki yake. Kuanzia saa ile mpaka daftari lilipoondoka, alimwambia kila mwanamke, "Kama kuna jina huwezi kulitaja, niletee wa kulitaja." Wakarudi wajane wengine walioandikwa kwa mashemeji kwa kosa lile lile. Naye hakumfukuza hata mmoja.

Ekari zetu zilikuwa za mwisho, kule kwenye kichuguu. Hatukujali. Bwana shamba alikuja mwenyewe kutuonyesha kupanda kwa mistari. Mbolea mama aliiogopa, akaiweka nusu ya shamba tu, nusu nyingine akapanda kwa matuta ya kufukia majani kama alivyofundishwa na mama yake. Nusu zote mbili zilizaa. Tulikula, na mimi nikaenda shule ya kijiji tumbo likiwa halina njaa. Unesi wangu umeanzia pale.

Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Shamba la pamoja la kijiji lilikuja kufa, kila mtu akimtegea mwenzake. Mbolea mwaka mwingine ilifika mahindi yameshabeba. Lakini kwetu sisi, ule mpango ulimpa mjane shamba, na nashukuru. Namshukuru bwana shamba, karani, na hata mwenyekiti aliyekubali daftari lisahihishwe.

Lakini wa kwanza ni babu. Siku ile karani alimwomba na yeye aandikwe, apimiwe zake. Alikataa. Alisema yake ameyasema, akaenda zake.

Mwaka uliofuata wakahesabu watu upya, safari hii nyumba kwa nyumba. Wakamkuta babu amekaa nje kwetu anakula ugali wa mahindi ya mama. Karani yule yule akamwuliza kwa adabu, "Mzee, wewe tukuandike kaya ya nani?"

Babu hakuweza kutaja jina la mwenye kaya. Akaelekeza kidole jikoni.

Karani akaandika: kaya ya Nyamizi binti Kapela, watu sita.

Nilichojifunza ni hiki. Mpango wa serikali unaweza kuwa mzuri kabisa huko ulikotungwa, lakini ukifika kijijini unakuwa meza, karani na swali moja. Mkulima akishindwa lile swali, basi kwake mpango haupo. Ninyi mnaoandika miradi ya kilimo siku hizi, kabla hamjasema wananchi hawakujitokeza, ulizeni kwanza mliwauliza nini.

Mimi nimeishia hapo, macho yamechoka na kioo cha simu. Sasa semeni ninyi: kwenu, nani alipeleka jina la mama au bibi yenu mezani? Na kama hakuna aliyelipeleka, shamba lilikwenda wapi? Nawasoma, hata mtakaobisha.