Vane Iliyofungwa kwa Mpira

Kazi ya mume wangu ilikuwa kushika mpini wa chuma. Kwenye depo ya mafuta ya mtaa wetu hapa Uvira, petroli ilishushwa kutoka tangi kubwa hadi kwenye mapipa kwa kupitia vane, koki nzito yenye springi. Ukiubana mpini, mafuta yanatoka. Ukiuachia, koki inajifunga yenyewe. Aliyeitengeneza alikuwa na akili: mtu akianguka, akikimbia, hata akifa, mafuta yasimame.

Lakini springi ilikuwa ngumu na mapipa mengi. Basi yeye na wenzake wakaufunga mpini kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kama waendesha pikipiki wa hapa wanavyofunga mizigo, wakaketi kivulini kupiga soga. Nilipoona, nilipiga kelele.

"Baba watoto, huu mupira iko wa nini?"

"Mikono iko inauma, mama. Hata patro alishaona, hakusema kitu."

Patro, bosi wao, angesema nini? Mapipa yalikuwa yanajaa upesi. Yule mwanamume nitamchukia mpaka naingia kaburini, na sioni haya kuandika hivyo.

Siku ile nilimpelekea mume wangu bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, nikasimama langoni. Bomba la kushushia likapasuka. Petroli ikamwagika, ikaanza kuteremka mtaroni kuelekea nyumba zetu, ambako majiko ya makaa yalikuwa yanawaka. Wote wakakimbia. Mume wangu alinifikia, akanishika mkono. Kisha akageuka, akaona vane bado iko wazi.

"Acha!" nikamwambia. "Weye iko na watoto!"

"Watoto iko kule chini," akasema, akarudi.

Nilimwona akiukata ule mpira kwa kisu. Nikasikia koki ikijifunga. Kisha moto, sijui cheche ilitoka wapi, ukamkuta pale pale na nguo zimelowa petroli. Uliteketeza depo, ukaishia mtaroni, mbali na nyumba.

Hospitalini aliuliza jambo moja tu.

"Ilifunga?"

"Ilifunga," nikamjibu.

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, maneno ya koki. Majirani wakinikuta njiani hunishukuru. Watoto wao wako hai, na wangu pia. Ninaitikia kwa kichwa tu, kwa kuwa nikifungua mdomo nitawaambia kwamba alikuwa ameshanifikia, alikuwa ameshanishika mkono.