Mwanvita, dobi aliyemnunia mtani wake

Saa kumi na moja alfajiri mkaa umeshashika. Mwanvita Sufiani anafunga pasi, anaipunga hewani mara mbili ili makaa yapate upepo, kisha anaigusa kwa kidole alicholowesha mate. Anaridhika. Anachukua suruali ya kaki na kuilaza juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu.

Nguo nyingine tano za kaki zimening'inia ndani, kwenye kamba iliyotoka dirishani hadi kwenye mguu wa kabati. Zamani zilikuwa zikianikwa nje, upande wa barabara, na kila aliyepita kutoka Mkuyuni kwenda Matombo alijua kuwa hapo ndipo kwa dobi wa polisi. Siku hizi majirani wamemwomba asizianike nje. Hakubishana nao, maana anaogopa kama wao.

Ni miezi minne sasa tangu watu wenye silaha waliposhambulia kizuizi cha polisi nje kidogo ya kijiji cha Kilumbulu, Jumapili moja jioni, jua likiwa bado linawaka. Koplo Charles Maganga na konstebo kijana, Allen, aliyekuwa na mwezi mmoja tu kijijini, walifia palepale. Waliofanya unyama huo hawajajulikana mpaka leo.

Tangu siku hiyo Kilumbulu imebadilika. Maduka yanafungwa saa kumi na mbili jioni. Wanawake wanakwenda shamba kwa makundi, na pikipiki ngeni ikipita, mazungumzo yanakatika mpaka ipotee kwenye kona. Vijana kadhaa walichukuliwa wakahojiwa, kisha wakaachiwa, na wazazi wao hawajui wamwogope nani zaidi, aliyeua au anayemtafuta muuaji.

Mwanvita ana miaka arobaini na saba, ni mjane, na watoto wake watatu wako mjini Morogoro. Amefua na kupiga pasi sare za askari wa kituo cha polisi cha hapo kijijini kwa miaka kumi na moja. Kila jozi humwingizia shilingi elfu mbili, na kabla ya tukio alikuwa akipata kama elfu themanini kwa mwezi. Sasa askari wengi wanafua wenyewe, na hapati hata nusu yake.

Hofu anayo na shida anayo. Lakini kinachomsumbua zaidi ni wivu, na anausema mwenyewe bila kumung'unya.

"Namwonea wivu Cecilia," anasema, pasi ikiendelea kwenda na kurudi. "Andika hivyohivyo. Usinipambe."

Cecilia anaishi ng'ambo ya barabara. Naye ni Mluguru na dobi, ila ana pasi ya umeme, na Mwanvita akiitaja pasi hiyo hukunja pua kama mtu aliyepita karibu na machinjio. Anadai pasi ya umeme inaipa kaki mng'ao mbaya wa magotini. Umeme ukikatika, na Kilumbulu hukatika sana, yeye hutoka mlangoni kupuliza makaa yake huku akiimba.

Chanzo cha yote ni utani. Maganga alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Mwanvita ni Mluguru wa kuzaliwa na kufia huku mlimani. Siku ya kwanza Koplo alipoleta nguo, Mwanvita alimwambia babu zake walibeba mizigo ya Waarabu hadi pwani, iweje yeye ashindwe kubeba shati lake hadi mtoni. Koplo akamjibu kuwa Waluguru wamekula ndizi mpaka mikono imepinda, ndiyo maana pasi inawakaa vizuri. Wakawa watani wa kweli kuanzia hapo. Kwa miaka sita alimwita "mke wangu" mbele ya kadamnasi, hata mbele ya mkewe halisi, Margareth, aliyekuwa akiishi Bigwa na watoto. Margareth naye alimwita Mwanvita "mke mwenzangu" na kumletea sukari kila alipopanda kuja kijijini.

Januari iliyopita Koplo akabuni utani mpya. Alikusanya sare zake zote, akavuka nazo barabara mchana kweupe, akatangaza kwa sauti kuwa ameoa mke wa pili mwenye umeme.

Kijiji kizima kilicheka. Mwanvita hakucheka.

"Mtani hanuni. Hilo hata mtoto wa huku analijua," anasema. "Mtani akikuchokoza, unamrudishia. Ukinuna umevunja. Mimi nilinuna."

Alinuna wiki tatu. Koplo alipita kila asubuhi akielekea kituoni, akisimama mlangoni na kumpa shikamoo ya kejeli, kama vile yeye ni mtoto na Mwanvita ni bibi kizee. Mwanvita aliendelea kupiga pasi. Mara ya mwisho ilikuwa Jumapili ileile asubuhi. Anakumbuka alikuwa akinyoosha ukosi wa shati la mwalimu mmoja. Koplo alisimama muda mrefu kuliko siku zote, akasema, "Haya, mama, ukimaliza kununa utaniita," akaondoka.

Mwanvita anaiweka pasi kwenye kigae. Anajifuta uso kwa ncha ya khanga na kusema moshi wa mkaa siku hizi ni mkali.

Miili iliagwa katika uwanja wa shule ya msingi kabla ya kusafirishwa. Wanakijiji ndio walioomba iletwe, kwa sababu walitaka ijulikane kuwa msiba huo ni wao pia. Hapo ndipo penye wivu wenyewe.

Desturi inamtaka mtani atanie msibani. Humwigiza marehemu, huzuia jeneza lisipite mpaka alipwe, na wafiwa hucheka hata kama hawataki. Lakini huu ulikuwa msiba wa watu waliopigwa risasi kizuizini. Askari walikuwa wamejaa, macho mekundu na bunduki mkononi. Watani wote wa Kilumbulu walijikunyata.

Magari yalipowashwa kuondoka, Cecilia alitokea njiani akiburuta gogo la mgomba. Alikuwa amevaa koti kubwa la mumewe. Akalilaza gogo katikati ya barabara, akaweka mkono mmoja nyuma ya kiuno kama Koplo alivyozoea, akainua mwingine.

Askari wawili waliruka kutoka garini. Kuzuia gari la polisi kwa gogo, siku nne tu baada ya tukio lile, ni jambo ambalo mtu angeweza kulilipia kwa uhai wake.

"Zima gari," Cecilia akasema. "Leseni. Huyo abiria wa nyuma mbona amelala?"

Kaka wa marehemu, Ernest Maganga, aliyekuja kutoka Tabora, alishuka haraka na kuwaambia askari washushe silaha, huyo ni mtani. Akatoa noti. Cecilia akaitazama, akasema faini ni ndogo, marehemu alikuwa mzito. Uwanja mzima ukaangua kicheko, cha kwanza tangu Jumapili, kisha watu wakalia kilio ambacho kilikuwa kimewakwama siku zote hizo. Askari mmoja aliketi juu ya lile gogo na kulia kama mtoto.

Mwanvita aliyaona hayo akiwa nyuma ya watu, karibu na mlingoti wa bendera.

"Nilikuwa nimewaza kitu hichohicho. Gogo, faini, kila kitu," anasema. "Miguu ikakataa. Nikasema watanipiga risasi. Yeye hakuogopa. Na mgomba wenyewe alikata kwangu."

Anautaja mgomba huo mara tatu katika mazungumzo yetu.

Sasa familia imealika mtani mmoja kwenda Tabora mwezi ujao kwa ajili ya kumaliza msiba, na imetaja jina la Cecilia. Mwanvita alizipata habari hizo sokoni, kutoka kwa muuza ndizi. Anakiri kwamba siku mbili hakula vizuri. Kijijini wapo wanaonong'ona kuwa labda kulikuwa na zaidi ya utani baina yake na Koplo. Anawajibu kuwa hawara huliliwa chumbani, lakini mtani hana chumba, analo jukwaa moja tu, na jukwaa lake lilichukuliwa.

Mwandishi alipovuka barabara, Cecilia hakuwa mtu wa majigambo. Ni mwanamke mfupi, mpole, anayezungumza huku akikunja nguo. Alisema tangu siku ile hajapata usingizi mzuri, na mlio wa gari kubwa ukipita hushika ukuta. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia jirani yake.

"Kila alipoleta nguo aliniuliza swali moja tu. 'Mke wangu bado amenuna?' Nikisema ndiyo, anacheka, anafurahi. Hakuwahi kuniuliza mimi nimeamkaje." Akalaza shati juu ya mengine. "Mwanvita ananionea wivu kwa siku moja. Mimi nilimwonea wivu kwa miaka sita."

Kwa nini hakumwambia? Cecilia alitazama ng'ambo, ambako moshi wa mkaa ulikuwa ukitoka dirishani. "Ni kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho yeye hana," akasema. Akaruhusu kipelekwe kwa jirani yake.

Mwanvita anayapokea maneno hayo akiwa amesimama. Anainua kifuniko cha pasi, anatazama makaa, anakifunga. Kisha anafungua kabati na kutoa shati jeupe la kitambaa chepesi, lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata kama wembe. Sare zake zote Koplo alizichukua siku ile ya utani, lakini hili la kanisani alilisahau, na kwa hasira Mwanvita hakulirudisha. Amelifua na kulipiga pasi kila Jumamosi kwa miezi minne. Cecilia hajui kuwa lipo.

Hajaalikwa wala kupewa nauli, ila ameweka akiba yake. Atashuka Morogoro, atapanda treni ya umeme hadi Dodoma, halafu basi hadi Tabora. Cecilia akitaka waongozane ni sawa, mradi wakae viti tofauti.

Na akifika, atatania vipi? Ataweka gogo?

"Gogo limeshafanywa," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Mimi nitalivaa shati lake, nitakaa pale kaburini, nitanuna. Ndugu zake wanisalimie, sijibu. Wanibembeleze, sijibu. Mpaka waniulize ni nani aliyeniudhi."

Anachukua sare inayofuata kutoka kwenye kamba.

"Hapo ndipo nitamwita mwenyewe, nimwambie nimemaliza kununa."